Tulipompelekea Beki Pole

Miaka ile nilikuwa naishi Erdington, mtaa wa Birmingham, kwenye nyumba zile za safu zilizoshikana mtaa mzima, na nilikuwa muuguzi wa kuitwa. Yaani sikuwa na wodi. Asubuhi simu inalia, naambiwa leo wazee, kesho mifupa, keshokutwa watoto. Kila nilikofika nilisifiwa kwamba yule Mkenya anaweza kila kitu. Nafasi ya kudumu ilipotokea, alipewa mwingine, na mara nyingi huyo mwingine alikuwa hajawahi kutoka nje ya wodi yake moja. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini nilimpenda yule beki wa Kihispania tangu siku ya kwanza niliyosikia habari zake. Mimi kwa kawaida si mtu wa kupenda watu haraka.

Mpira naujua. Nimekulia Kakamega kwenye nyumba yenye kaka wengi na redio moja, na Jumamosi alasiri hakuna aliyethubutu kuigusa hiyo redio, hata mama. Nilijua nani ni namba tatu na nani ni namba nne kabla sijajua hesabu za mgawanyo. Kwa hiyo nilipohamia Birmingham na kukuta jiji zima linazungumza mpira kama kwetu, hilo angalau halikunipa shida. Baridi ndiyo ilinipa shida, na watu wanaosema "tutaonana" bila nia yoyote ya kukuona.

Beki alitufikia kwa bahati. Pale parokiani tulikuwa tunaachiwa kanisa Jumapili alasiri, misa za Kiingereza zikishakwisha. Tulikuwa Wakenya, Wakongo wa Kivu, na Watanzania wachache waliokuwa wapole mpaka zamu ya kuchagua nyimbo ilipofika. Jumapili moja ya vuli wakaingia kijana mrefu na mkewe, wakakaa benchi la mwisho. Jana yake timu yake ilikuwa imecheza mbali, akarudi usiku, asubuhi akalala fofofo, misa ikampita. Alikuwa ameangalia ubao wa ratiba mlangoni, akaona kuna misa ya saa nane, akaja. Hakujua kuwa ni ya Kiswahili, lakini misa ni misa, walijua pa kusimama na pa kupiga magoti. Wakati wa mahubiri alitazama dari kama wanaume wote.

Baada ya misa tulikuwa na desturi ya chai ukumbini. Mgeni lazima asimame, aseme anatoka wapi, na aseme haja yake ili tumwombee. Hakuna anayesamehewa. Haja zenyewe tulikuwa tunazijua hata kabla hazijatajwa: mmoja anangojea majibu ya ukimbizi, mwingine mke wake bado yuko kambini, mwingine viza ya mwanafunzi inakaribia kuisha. Ukitokea na maumivu ya mgongo tu, unaona hata aibu kuyasema.

Kijana akasimama. Kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani alisema anatoka Uhispania, anacheza mpira hapa mjini, ni beki. Kisha akatuomba tumwombee mkataba. Unaisha Mei, klabu haijasema kitu, na yeye na mkewe wangependa sana kubaki.

Nilitegemea watu wacheke. Mchezaji wa kulipwa, nyumba huko Sutton Coldfield kwa wenye pesa, anataka maombi ya nini? Lakini ukumbi mzima uliguna kwa huruma. Karatasi yenye tarehe ya mwisho, na mtu usiyemfahamu amekaa ofisini anaamua kama utabaki au utaondoka: hapo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwenyekiti wa kina mama alikuwa mwanamke wa Bukavu, mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya pili ya mto, nasi tulimwita Mama Prezidenti. Aliinua mkono.

"Donc, basi, na yeye anangojea makaratasi kama sisi," alisema. "Tumuombee."

Basi tangu siku ile mkataba wa beki ukaingia kwenye maombi ya kila Jumapili, kati ya viza na mitihani.

Shida ni kwamba kina mama walitaka kujua maombi yanaendaje, na hakuna aliyejua mpira isipokuwa mimi. Kila Jumamosi jioni Mama Prezidenti alinipigia simu. Hakuuliza nani ameshinda. Aliuliza, "Leo banamuweka wapi?"

Ilikuwa na maana kuuliza hivyo. Wiki hii beki wa kulia. Wiki inayofuata kushoto. Nahodha akiugua mafua, anawekwa katikati. Kiungo mkabaji akifungiwa kwa kadi, anasogezwa mbele. Wote wakiwa wazima, anakaa benchi, amevaa koti kubwa, anangoja mtu aumie. Watanzania wana neno lao kwa mchezaji wa namna hiyo, wanamwita kiraka, na wanalitaja kwa sifa kabisa. Mama Prezidenti hakuona sifa yoyote.

"Banamuhamisha-hamisha," alisema. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Wanamhamisha kwa sababu anaweza."

"Mutu akiweza, njo sababu ya kumusumbua?"

Nilikuwa nimekaa karibu na simu yangu mwenyewe, nikingoja kuambiwa kesho ni wodi gani.

Nilimwona uwanjani mara moja tu. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi asiyoihitaji, akanipa. Siku hiyo beki alianza upande wa kulia. Kabla ya mapumziko wa kushoto akaumia, naye akahamishiwa kushoto. Kipindi cha pili wa kati akachechemea nje, akapelekwa katikati, na kijana mdogo asiyejua hata pa kusimama akawekwa kushoto. Mwishoni krosi ikatoka hukohuko kushoto alikokuwa ametoka, ikamkuta yeye na washambuliaji wawili, timu ikafungwa. Uwanja wote ukamzomea yeye. Nyuma yangu kulikuwa na mzee aliyekuwa anamtukana tangu dakika za mwanzo, na hapo akafungulia. Niligeuka nikamwuliza kama amewahi kufanya kazi ya watu watatu kwa siku moja. Alinitazama, akanywa chai yake. Hasira nilikwenda nayo mpaka nyumbani, na magazeti ya kesho yake yakampa alama za chini kuliko wote.

Mkewe tulimjua zaidi kuliko tulivyomjua yeye. Mume akisafiri na timu, alipanda treni peke yake kutoka Sutton, akaja kwenye chai yetu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo alizungumza kwa mikono, kwa kucheka, na kwa kukaa karibu na mtu. Sutton Coldfield ni mahali pazuri kama unapenda bustani na ukimya. Majirani zake walikuwa watu wa adabu, walimpungia mkono kutoka kwenye magari. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kumwambia ingia ndani unywe chai. Kwetu aliambiwa ingia kabla hajabisha.

Kwaresima ilipofika, tukaona tumbo. Sasa maombi yakawa mawili. Aliniambia anataka mtoto azaliwe hapahapa, mkunga ameshamzoea, na chumba wameshaanza kukipaka rangi. Nyumba ilikuwa ya kukodiwa na klabu. Mkataba ukiisha, nyumba nayo imekwisha. Kwa hiyo haikuwa habari ya mpira tu, ilikuwa habari ya wapi huyo mtoto atalala. Kina mama walilielewa hilo haraka kuliko mimi.

Ikafika Mei. Jumatatu moja asubuhi nilikuwa nyumbani napiga pasi sare, redio ya mjini inasema peke yake jikoni. Msomaji wa michezo akatangaza kwamba klabu imewaacha wachezaji kadhaa, hawataongezewa mikataba. Jina la beki lilikuwa katikati. Halafu wakasoma hali ya hewa. Nilizima pasi, nikakaa. Miezi yote ile ya kusali, na mtu anasomwa kabla ya mvua.

Nilimpigia beki, simu yake ilikuwa imezimwa. Nikampigia Mama Prezidenti, kwa nia ya kumwambia tu ili asali. Alisikiliza mpaka mwisho, akapumua kwa nguvu.

"Tunaenda saa ngapi?" aliuliza.

"Kwenda wapi?"

"Kwa beki. Kumupa pole."

"Mama, hii ni Sutton Coldfield. Huko watu hawaendi tu bila appointment. Tumwandikie kadi, ama tungoje Jumapili."

"Mutu anafukuzwa kazi, bibi yake iko na mimba, na wewe unasema kadi?" Nilisikia masufuria yakigongana nyuma yake, maana alikuwa ameshaanza. "Mambo ya telefone ni ya kusema mutoto amepita mutihani. Ya kulia, unaenda na miguu yako."

Nilijua yuko sahihi. Kwetu pia ndivyo ilivyo. Mtu akipatwa, hungoji kuitwa, unakwenda, unakaa, unakula naye, unamwombea, unarudi. Nilikuwa nimeishi Uingereza muda wa kutosha kuona haya kwa jambo ambalo mama yangu angelifanya bila kuuliza. Nikasema saa saba, kituoni.

Nilikuta wako kumi na kitu. Nilitegemea wanne. Wamevaa vitenge vizuri na kujifunga vilemba, wamebeba pilau, sombe ya majani ya muhogo, kuku, chapati zilizofungwa kwenye taulo, na chupa za chai. Mmoja alikuwa na ndoo ya maandazi. Tuliingia kwenye treni, na behewa likajaa harufu ya bizari. Abiria mmoja aliyevaa suti alisogea polepole mpaka behewa jingine. Mwanamke mmoja alituuliza kama tunakwenda harusini. Nikamwambia, karibu na hapo.

Kutoka kituoni tulipanda kilima kwa miguu, wenye magoti mabovu wakilalamika. Mapazia yalikuwa yanafunguka kidogo na kujifunga. Mzee aliyekuwa anapunguza ua wake alituuliza kwa upole kama tumepotea.

"Mwambie tunaenda kwenye kilio," Mama Prezidenti aliniagiza.

Nilimwambia yule mzee kwamba tunamtembelea rafiki. Mama Prezidenti akampa andazi kwenye karatasi. Alilipokea, akabaki amelishika na mkasi wake mkononi, hajui la kufanya.

Nilibonyeza kengele. Mkewe alifungua, tumbo mbele, akatuona wote tumejaa mpaka kwenye barabara. Alishika mashavu yake kwa mikono miwili, akapiga kelele ya furaha, akaanza kutuvuta ndani mmoja mmoja, akitubusu huku na huku. Nilidhani ni mwanamke wa ajabu kwa ujasiri. Siku kama ile, na bado anatupokea hivi.

Tulivua viatu, tukajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye zulia. Masufuria yakafunguliwa. Mama Prezidenti alianzisha wimbo, ule wa polepole tunaoimba tukienda msibani, na wenzake wakaupokea kwa sauti za chini. Mama mwenye nyumba aliyumba nao, amefumba macho, anatabasamu. Wimbo ulipokwisha akapiga makofi.

Hapo nilianza kuona kitu hakiko sawa.

Akanishika mkono, akanipandisha juu anionyeshe chumba cha mtoto. Ukuta ulikuwa wa rangi ya njano hafifu, na katikati kulikuwa na kitanda kidogo cha mbao, kipya.

"Yeye amefanya," alisema kwa Kiingereza chake, akiigiza mtu anayekaza skrubu. "Jana. Siku nzima. Matusi mengi." Akacheka.

Nilimwuliza, nikijitahidi sauti isibadilike, kama mumewe amempigia leo.

"Yuko klabuni," alisema. "Mkataba. Wiki hii watatia saini."

Huyu mwanamke hakuwa jasiri, alikuwa hajui. Kiingereza cha redio kilimpita, magazeti hakuyasoma, na mumewe hakumwambia. Alidhani tumekuja kumpongeza kwa ajili ya mtoto, kama wanawake wa kwao wanavyofanya, na alikuwa amefurahi kwa sababu miezi yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyekuja.

Niliteremka ngazi naye nyuma yangu. Sebuleni Mama Prezidenti alikuwa ameshasimama, anajifuta mikono, anajiandaa kutoa neno la faraja. Nilisema kwa Kiswahili, nikitabasamu kama mtu anayesifia pilau.

"Hajui. Bwana yake hajamwambia. Anafikiri tumekuja kwa sababu ya mtoto."

Sahani zilisimama hewani. Mmoja wetu, Mkenya mwenzangu, alisema, "Aki Mungu wangu," na akaendelea kutafuna kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama mwenye nyumba alituangalia wote, akacheka, akaleta vijiko zaidi. Tulijadiliana mbele yake hivyohivyo, kwa nyuso za sherehe. Mkenya alitaka tuondoke mara moja, tuseme treni inatuacha.

"Hapana," Mama Prezidenti alisema. "Bwana yangu alinifichaka venye makaratasi yetu banakatala. Miezi mingi. Alitokaka asubuhi kama mutu anaenda kazini. Minajua inauma namna gani. Kumwambia si kazi yetu. Lakini hatutamuacha peke yake na hiyo kitu inakuja."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuimbe ya mutoto."

Na kweli tukaimba ya mtoto. Wimbo wa msiba ulikuwa umekwisha dakika chache tu, na sasa tukapiga vigelegele, tukamweka mama katikati, tukamzunguka na vitenge. Mimi nilicheza nao. Nilimchukia yule beki wakati ule, nasema kweli, na wakati huohuo nilimwonea huruma, na nilitamani ardhi ipasuke initie ndani na masufuria yetu.

Ndipo ufunguo ukalia mlangoni.

Aliingia na begi la viatu vyake begani. Alisimama palepale kwenye ukumbi mdogo chini ya ngazi, akawaangalia wanawake kumi na kitu wanaocheza sebuleni kwake. Halafu akaniangalia mimi. Niliangalia zulia. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba tunajua. Wimbo ulififia wenyewe.

Angeweza kuendelea. Tulikuwa tumemwachia nafasi. Angecheka, angemshika mkewe kiuno, angekula pilau, na sisi tungeondoka na siri yake tumboni. Kwa muda kidogo nilidhani atafanya hivyo, kwa sababu alikuwa ameshafungua mdomo na tabasamu lilikuwa limeshaanza. Kisha akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, begi bado likiwa begani, akafunika uso.

Mkewe alimwendea akamwuliza kitu. Alijibu kwa lugha yao, kwa muda mrefu, bila kuinua uso. Hatukuelewa neno na tulielewa yote. Mwanamke hakulia. Aliuliza swali jingine, fupi. Akajibiwa kwa neno moja au mawili. Kisha akageuka, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaangalia sufuria, akaishia kwangu.

"Wewe unajua?"

"Leo asubuhi," nilisema. "Redioni."

"Yeye, wiki moja." Aliinua kidole kimoja, akakishikilia juu.

Halafu akamwambia mumewe maneno ya polepole yaliyomfanya ainamishe kichwa zaidi. Baadaye alinieleza alichosema. Alimwambia, kwa hiyo jana ulikuwa unakaza skrubu za kitanda cha mwanangu na huku unajua hatalala humo.

Kina mama walianza kukusanya vyombo kimyakimya. Mama Prezidenti akawakataza kwa jicho. Alikwenda akajibana kwenye ngazi ile, karibu na beki, mpaka akamsukuma ukutani, akaniita nitafsiri.

"Muulize, yeye mwenyewe nafasi yake njo wapi?"

"Mama, si sasa."

"Muulize."

Nikauliza. Nilidhani ni swali la mtu asiyejua mpira, limekuja wakati mbaya kuliko wote. Beki aliondoa mikono usoni. Aliniomba nirudie, nikarudia.

"Katikati," alisema. "Mimi ni beki wa kati."

Akaeleza, na mimi nikatafsiri, kipande kwa kipande. Tangu utotoni alikuwa beki wa kati, katika mji wao mdogo. Siku moja wa kushoto aliugua, kocha akauliza kwenye chumba cha kubadilishia nguo nani anaweza kushoto. Wote wakatazama viatu vyao. Yeye akasema, mimi. Haikuwa kweli, hakuwahi kucheza kushoto, lakini hakuweza kuvumilia ule ukimya. Tangu hapo kila kocha aliyemfundisha alikuta ameandikiwa kwamba anaweza popote, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza tena. Na yeye hakuwahi kukataa. Alisema ukiwa mtu wa kuweza, unaogopa siku ambayo utasema siwezi.

Alimtazama mkewe. Aliendelea kwa Kiingereza, ingawa maneno yalikuwa ya mkewe, labda kwa sababu kwa lugha ya kwao yangemuuma zaidi.

"Na hili pia nilisema naweza," alisema. "Peke yangu. Nikipata timu nyingine haraka, nikupe habari zote mbili kwa pamoja."

Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, mkono juu ya tumbo. Sijui alishika maneno mangapi. Sikuona msamaha usoni mwake, na sikumlaumu, maana hata mimi nisingesamehe mbele ya wageni.

"Sasa ale," Mama Prezidenti alisema, akainuka kwa kushika bega la beki. "Mwambie ale. Amekonda."

Mke ndiye aliyempakulia. Alijaza sahani mpaka sombe ikawa inamwagika kwenye kuku, akaiweka mbele yake kwa kishindo, kijiko kikaruka. Beki akala yote. Kila alipotaka kusimama mkewe alimwongezea. Wa kwanza kucheka alikuwa yule Mkenya wa "Aki," akajaribu kuficha kicheko ndani ya leso, ikashindikana, na mama mwenye nyumba naye akacheka kwa hasira, akajifuta macho kwa kiganja. Ndipo tukasali ile sala ya pole tuliyokuja nayo. Tuliwawekea mikono wote wawili. Safari hii mke alijua tunaomba nini, na alilia kama mtu yeyote.

Tulioosha vyombo tuliosha, waliofagia walifagia. Jua lilikuwa bado juu tuliporudi kituoni, masufuria matupu yakigonga magoti yetu. Niliwaza kama tumefanya vizuri au tumeharibu nyumba ya watu. Nilimwuliza Mama Prezidenti, akasema miguu inamuuma, tuzungumze Jumapili.

Waliondoka kurudi kwao Juni, kabla tumbo halijawa zito la kukatazwa ndege. Kitanda walikifungua vipande vipande wakaenda nacho. Nilimwuliza mkewe, tulipowasindikiza, kama bado amekasirika. Aliniambia ndiyo, kwa utulivu, kama mtu anayetaja saa.

Agosti simu yangu ililia, nikadhani ni wodi. Alikuwa mke wa beki. Mtoto wa kike, mzima, ana nywele nyingi. Mumewe amepata timu ndogo karibu na wazazi wake, ligi ya chini. Nilipoomba kuzungumza na beki na kumwuliza watamchezesha wapi, nilisikia mkewe akipiga kelele nyuma yake, "Katikati! Amewaambia katikati!" Beki alicheka kwa haya. Alisema ni kweli, aliwaambia kabla ya kutia saini kwamba yeye ni beki wa kati, na walimtazama kwa mshangao kwa sababu hawakuwa na mpango wa kumpeleka kwingine. Jumapili nilisimama kwenye chai nikatoa habari hizo, na kina mama walipiga vigelegele kana kwamba ni viza.

Alicheza katikati miezi michache. Kisha Krismasi ilipokuwa inakaribia, mkewe akanipigia tena, Kiingereza chake kikiwa kimeshuka kwa kutotumika. Beki wa kushoto ameumia goti, aliniambia. Msimu wote. Hawana mwingine. Jumapili mumewe atacheza kushoto.

Nilihisi hasira ikinipanda upya. Nikasema, basi ni yaleyale, wamemrudisha kulekule, na yeye bado hawezi kukataa. Nilisema mengi. Nadhani nilikuwa nasema na hospitali yangu pia.

Alinisubiri nimalize.

"Hapana," alisema. "Kocha ameuliza jana, wote wamenyamaza, na yeye akanyamaza. Amekuja nyumbani. Ameketi hapa jikoni, ameniambia mimi, ameniuliza mimi. Nimesema sawa, cheza. Ndipo leo asubuhi amekwenda kumwambia kocha."

Simu ilikuwa na mwangwi, na nikamsikia akivuta pumzi, halafu akarudia taratibu ili nisipoteze neno hata moja.

"Mimi kwanza. Kabla ya kocha."